Kisu cha Kwanza na Maneno ya Vijiweni

Kijana wa Jangwani, hapa Dar es Salaam, akitamka tu kwamba anataka kujifunza kutengeneza visu kwa mkono, washauri hawakosi. Kijiwe cha kahawa kina wake, gereji ina wake, na nyumbani yupo shangazi atakayeuliza kama kazi zimekwisha mjini. Ukiyasikiliza maneno yao utaona yako ya namna mbili. Yapo ya kukatisha tamaa: uhunzi ni wa koo fulani, unataka mashine, ni kazi ya wahuni, Wachina wameshaimaliza. Na yapo ya kuchochea: chuma chochote kinafaa, chovya kwenye maji basi, tazama video mbili uingie kazini. Watu wengi huyaogopa yale ya kwanza. Kwa maoni yangu haya ya pili ndiyo yenye hasara kubwa zaidi, ila nitaanza na ya kwanza kwa kuwa ndiyo yenye kelele.

"Uhunzi unarithiwa. Kama si wa ukoo, huwezi."

Hili lina mizizi na si la kuchekwa. Upareni, ukoo wa Washana ndio uliojulikana kwa kufua chuma, na Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, ameeleza jinsi wahunzi hao walivyoitawala Ugweno kabla Wasuya hawajawapindua. Wamaasai nao wana Ilkunono, wahunzi wao, ambao wenzao waliwategemea kwa mikuki na sime huku wakikataa kuoana nao. Kwa hiyo ni kweli, sehemu nyingi nyundo ilikaa ndani ya ukoo. Lakini tazama kilichorithiwa hasa. Mtoto wa mhunzi alivuta mivuo tangu utotoni, akaona chuma kikibadilika rangi mara zisizohesabika kabla hajakabidhiwa nyundo. Ukoo ndio uliokuwa chuo, na kuufunga mlango wa chuo kulikuwa kulinda soko. Leo nenda Gerezani, ng'ambo ya Kariakoo, mwendo wa miguu tu kutoka Jangwani. Mafundi wanaokunja na kuchomelea chuma pale wametoka kila pembe ya nchi. Hakuna anayemuuliza mwanagenzi jina la babu yake. Anaulizwa kama anaweza kufika mapema asubuhi na kama ataweza kukaa siku nzima akishika koleo bila kulalamika.

Wapo pia wanaosema uhunzi ni wa bara, sisi watu wa pwani ni wa biashara na majahazi. Hao wana deni la kusoma. Al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu wa karne ya 12, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma na kwamba chuma ndicho kilichowapa faida kubwa katika biashara yao. Chapurukha Kusimba alichimbua mabaki ya wafua chuma kwenye pwani ya Kenya, na huko Galu, kusini ya Mombasa, ulipatikana ushahidi wa chuma kigumu kilichoyeyushwa ndani ya kalibu. Yatosha.

"Kisu cha dukani ni bei ya soda mbili. Cha mkono ni kupoteza muda."

Nusu ya hili nalikubali bila ubishi. Ukiingia Kariakoo utapata kisu cha jikoni kisichoshika kutu, chenye mpini wa plastiki, kwa pesa ambayo haitoshi hata kununua tupa nzuri. Anayetengeneza kisu chake cha kwanza ili kuokoa pesa ameshapotea njia. Hicho kisu kitamgharimu kuliko cha dukani mara kadhaa, hata asipohesabu muda wake. Wala si kweli kwamba visu vyote vya kiwandani ni takataka. Wapo wachinjaji wanaovitumia miaka na miaka.

Ila anayesema hivyo ana maana zaidi ya bei. Anasema kwamba kitu cha rahisi kikishafika sokoni, kujua namna ya kukitengeneza hakuna thamani tena. Hapa ndipo nabisha. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za Wahaya wa magharibi ya Ziwa Victoria, waliokuwa wakizalisha chuma chenye kaboni zaidi ya miaka 1500 iliyopita. Wanasayansi wamebishana baadaye juu ya namna matanuri yale yalivyofanya kazi, lakini tukio lenyewe la utafiti ndilo linalonigusa: iliwabidi watafiti wawaombe wazee wajenge tanuri upya, wayeyushe mawe ya chuma mbele yao, kazi iliyokuwa imeachwa kwa miongo kadhaa kwa sababu vyuma vya Ulaya vilikuja kwa bei ya chini. Wazee wale walilazimika kukumbushana hatua kwa hatua. Kilichookolewa kiliokolewa kwa sababu walikuwa hai bado. Sisi wa Dar tuna mfano wa karibu zaidi. Wenye umri watakumbuka majembe na mapanga ya UFI, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China enzi za Mwalimu Nyerere. Leo nani kati yetu anajua panga lile lilitiwaje ugumu?

Na kuna faida ndogo ya kila siku. Anayejua kisu kimetengenezwaje anajua pia kukinoa. Wale vijana wanaopita mitaani na baiskeli zenye jiwe la kunolea wanafanya kazi ya maana, lakini wapo wanaokandamiza kisu kwenye jiwe kavu mpaka ukingo unageuka bluu. Mama anakipokea kinang'aa, kinakata nyanya vizuri siku ya kwanza, kisha kinalegea. Ule ubluu maana yake joto limepita kiasi na ugumu umetoka. Mwenye kujua angemwambia: chovya kwenye maji, mdogo wangu, usikiache kikapata moto.

"Ni kazi ya wahuni. Watakudhania Panya Road."

Woga huu si wa kubuni. Jiji hili limeshikwa na hofu zaidi ya mara moja kwa sababu ya Panya Road, vikundi vya vijana wenye mapanga, na bonde la Jangwani lina sifa yake baada ya giza kuingia. Kijana anayeonekana uani akinoa bapa la chuma usiku atazua maneno, na sitawalaumu majirani. Jibu la hili ni la kiungwana tu. Fanya kazi mchana na mlango ukiwa wazi. Mjumbe ajue unachofanya, na mwenyekiti wa mtaa pia. Anza na visu vya jikoni, vyenye umbo ambalo mama lishe yeyote atalitambua, achana na majambia na visu vya sinema. Ukikipeleka kwa mtu, kifunge ndani ya gazeti na uweke kwenye mfuko. Usipande nacho basi la mwendokasi kikiwa kiunoni. Baada ya hapo jirani wa kwanza kukuita mhuni ndiye atakayekuwa wa kwanza kukuletea kisu chake butu, na atataka bure.

Kuhusu mahali, wanaosema Jangwani si pa kuweka karakana wana haki. Mto Msimbazi hauombi ruhusa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuhamishia familia nyingi Mabwepande, na maji yamerudi mara nyingi tangu hapo, mpaka kwenye karakana ya mabasi ya mwendokasi. Kama unaishi bondeni, vifaa vyako viwe vile unavyoweza kuvibeba kwa mkono mmoja ndani ya ndoo. Na hiyo inatuleta kwenye mashine.

"Bila mashine na mtaji huwezi."

Uongo mtupu. Vifaa vya lazima ni tupa mbili (moja ya meno makubwa na moja ya meno madogo), msumeno wa chuma, karatasi za msasa, ubao imara na kitu cha kubania chuma juu yake. Ukiwa na jiliwa, vizuri zaidi. Grainda huharakisha kazi, kweli, na pia huharakisha makosa: mkono ukiteleza kidogo umeshakula upande mmoja wa bapa na hakuna namna ya kurudisha chuma kilichogeuka vumbi. Kwa tupa kosa linakuja polepole na unaliona likija. Mimi ningemnyima mwanagenzi grainda mpaka amalize visu viwili kwa mkono, na najua wengine wataona huo ni ukaidi wa kizee.

Nyundo na fuawe? Hapa kuna dhana nyingine inayofaa kuzikwa, kwamba kisu kisichofuliwa kwa nyundo si cha mkono. Kisu kinaweza kupatikana kwa kupunguza tu: unachora umbo kwenye bapa la chuma kizuri, unakata, unapiga tupa mpaka makali yatokeze. Kufua ni elimu nzuri na huokoa chuma, lakini si sharti la kuanzia. Na ukifika wakati wa kutaka fuawe, usikimbilie kununua kipande cha reli kwa wauza vyuma chakavu. Reli ni mali ya umma, na kukutwa nayo bila maelezo kunaweza kukufikisha mbele ya hakimu. Kipande kinene cha ekseli ya lori, kilichosimamishwa ndani ya gogo, kitakufaa na utalala usingizi.

Sasa yale ya kuchochea. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoharibu kazi, wakaja kusema uhunzi hauwezekani.

"Chuma ni chuma. Okota chochote."

Hapana. Tofauti ya chuma kinachoshika makali na kisichoshika ni kaboni, na kiasi chenyewe ni kidogo mno. Nondo ya kawaida ya ujenzi ina karibu robo ya asilimia moja. Chuma cha springi za gari kina kama asilimia 0.6. Tupa yenyewe ina asilimia 1 au zaidi. Chini ya takriban asilimia 0.4 hakuna moto wala mafuta yatakayokupa makali ya kudumu. Ndiyo maana kijana anaweza kuipasha nondo, akaifua vizuri kabisa, akaizima, akainoa mpaka inanyoa nywele za mkono, halafu makali yakakunjika mara ya kwanza yalipogusa mfupa wa kuku. Kazi yake haikuwa na kasoro. Malighafi ndiyo iliyomwangusha, na yule aliyemwambia chuma ni chuma hayupo kuona.

Mafundi wa Gerezani wana kipimo chao na ni kizuri. Gusisha kipande kwenye jiwe la grainda, mahali penye kivuli, utazame cheche. Nondo hutoa mistari mirefu iliyotulia, yenye matawi machache. Springi hutoa cheche zinazochanua njiani. Tupa kuukuu hupasuka karibu na jiwe kama fataki za mwaka mpya. Usiyekuwa na uzoefu, chukua vipande vitatu unavyovijua tayari, uvipime kimoja baada ya kingine, ndipo ulete kile usichokijua. Kipimo cha pili ni cha hakika zaidi: kata kipande kidogo, kipashe mpaka kiwe chekundu cha kung'aa, kizamishe kwenye mafuta, kikipoa kipige tupa. Tupa ikiteleza bila kung'ata, umepata. Ikila chuma, rudisha kwa muuzaji.

Hata springi, ambayo kila mtu huisifu, si rafiki wa mwanzo. Ya lori inaweza kuwa na unene wa milimita 10, na kisu cha jikoni kinataka 2 au 3. Kuiondoa tofauti hiyo kwa tupa ni adhabu, na kuipunguza kwa nyundo kunataka moto mkubwa na mikono miwili ya ziada. Isitoshe, springi iliyokwisha kazi inaweza kuwa na nyufa ndogo zisizoonekana. Misumeno ya mbao ya zamani ni mizuri, mapanga yaliyochakaa pia. Misumeno ya duara ya siku hizi, yenye meno yaliyobandikwa, ipime kwanza, maana ugumu uko kwenye meno na bati lenyewe huweza kuwa laini.

Kuna chuma kimoja ambacho hupaswi kukitia motoni kabisa: kilichopakwa zinki, kama mabomba ya maji na mabati. Moto wa kufulia hugeuza zinki kuwa moshi mweupe, na anayeuvuta hupata homa, kutetemeka na kifua kubana usiku huohuo. Wachomeleaji wanaijua homa hiyo.

"Kikiwa chekundu, tia maji baridi. Kwisha."

Maji hupoza haraka mno. Chuma cha springi kinataka mafuta, na ukikitia maji utasikia mlio mdogo, "ti", ambao ni kazi ya siku nzima kwenda na maji: bapa limepasuka. Mafuta ya alizeti au ya mawese yanatosha, yakiwa ya uvuguvugu kama nyuzi 50 za Selsiasi, ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko wa chuma wa kufunika moto ukiruka. Oili chafu ya gari, ambayo gereji nyingi watakupa bure na kuisifu, iache. Inabeba mabaki ya metali na moshi wake si wa kuvuta, hasa kwa kisu kitakachokata kitunguu.

Lakini kosa kubwa liko kwenye neno "kwisha". Kisu kilichotoka kwenye mafuta ni kigumu kupita kiasi. Kikianguka sakafuni huweza kukatika vipande viwili. Lazima kirudishiwe joto dogo, karibu nyuzi 200, kwa saa moja au mbili, ili kilegee kidogo na kipate ustahimilivu. Asiye na oveni asihangaike. Wanawake wa mji huu wanaoka keki ndani ya sufuria yenye mchanga juu ya jiko la mkaa, na njia hiyohiyo inafaa. Sugua bapa kwa msasa mpaka ling'ae, lilaze juu ya mchanga wa moto, usiondoe macho. Rangi itaanza kutambaa: kwanza manjano hafifu ya nyasi kavu, kisha kahawia, kisha zambarau, mwisho bluu. Kwa kisu cha jikoni toa kwenye manjano. Kwa chombo cha kugonga, kama panga, acha ifike zambarau au bluu. Ukichelewa, rudia mwanzo, kuanzia kuzima.

"Kila kitu kipo kwenye video."

Karibu kila kitu, ndiyo. Kilichokosekana ni rangi ya moto. Kamera hudanganya wekundu, na jua la saa saba la Jangwani hudanganya zaidi: chuma kinachoonekana cheusi juani, ukikipeleka kivulini unakuta kinawaka. Anayepima kwa macho mchana huishia kukipasha kupita kiasi, na chembe za ndani zikikua kubwa, kisu kinakuwa cha kuvunjika. Fanyia kazi hiyo mahali penye giza kiasi, au jioni, na uwe na sumaku. Spika mbovu ya redio ina sumaku nzuri, na Kariakoo spika mbovu hazijawahi kuadimika. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku huacha kukishika. Pandisha kidogo tu zaidi ya hapo, kama nyuzi 50 au 60, kisha zima. Kipimo hicho hakihitaji ukoo wala jicho la mzee.

Video hizohizo, hasa zile za mashindano ya Kimarekani, zimewafundisha vijana kwamba kisu ambacho chuma chake hakijafika mwisho wa mpini si kisu. Visu vya nchi hizi vimeishi karne nyingi vikiwa na msuka mwembamba uliopashwa moto na kuchomekwa kwenye mti, na vikachinja ng'ombe. Chagua upendavyo. Kwa mpini wa kwanza tafuta mninga, unakubali tupa na msasa bila ugomvi. Mpingo ni mzuri na mabaki yake unaweza kuyapata kwa wachongaji wa Mwenge, lakini ni mgumu, hupasuka ukitoboa kwa pupa, na vumbi lake huwasha. Funika pua.

Basi kama bado unataka, sikiliza ushauri wa mtu asiyekuuzia chochote. Tafuta panga lililochakaa mpaka halifai shambani. Lilishatiwa ugumu kiwandani, na kwa kawaida ni laini kiasi cha kung'atwa na tupa, kwa hiyo kisu cha kwanza hakihitaji moto, mafuta wala fuawe. Chora umbo, kata kwa msumeno, piga tupa kwa kwenda mbele tu, usirudi nayo, na chovya bapa kwenye maji kila linapokuwa la moto mkononi. Hakitakuwa kigumu kama cha springi na utakinoa mara nyingi. Kikishakata vitunguu vya nyumbani kwako mwezi mzima, kichukue, nenda nacho Gerezani asubuhi, umwonyeshe fundi yeyote wa chuma na umwombe ushike koleo lake. Usimwombe akufundishe, mwombe kazi ya kushika koleo. Atakiangalia kwanza kisu, kisha mikono yako, halafu atakwambia uje kesho au usije.